Pacha Wangu Hayuko Hewani

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimesugua meno ya watu sita na sijamwona hata mmoja. Ndiyo kazi ya karakana ya meno ya bandia. Daktari yuko mbele na wagonjwa, na feni nzuri, na mpokezi wake mwenye kucha ndefu. Mimi niko nyuma na plasta, nta na vumbi. Wananiletea vinywa vya watu kwenye trei, kila kinywa na namba yake. Huyu anasaga meno usingizini. Huyu anatafuna upande mmoja tu. Huyu — lo, huyu ni mkali nyumbani kwake, ameyakaza mpaka yamekwisha! Nikikutana nao sokoni hawanijui, na mimi siwajui. Labda wacheke.

Nyumbani: ngazi, ufunguo, viatu, mashine. Kwanza mashine, chai baadaye. Chumba cha mama kina joto kuliko jikoni siku hizi. Mama alipofariki kilikuwa kimya mno, nilikuwa napita mlangoni nimegeuza uso. Nilipoweka nodi mle kikapata pumzi. Kompyuta ndogo, diski yake, betri ya akiba, feni inayovuma. Ndani ya diski mtandao wetu umeweka vipande vya mafaili ya watu wa dunia nzima, vimekatwakatwa na kufungwa, hata mimi ninayevitunza siwezi kuvisoma. Mpokezi aliwahi kuniuliza: sasa kama huoni kilichomo, raha yake nini? Nikamwambia raha ni kwamba kipo. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Betri Kuukuu kaniandikia jioni kama kawaida. Kwenye kikundi chetu cha wenye nodi, yeye ni pacha wangu. Kila mtu ana pacha. Nodi yangu ikizimika, kengele inalia kwenye simu yake. Yake ikizimika, inalia kwangu. Maana mtu ukiwa kazini hujui kwako kumeharibika nini. Tumepeana ufunguo pia, wa kuingia kwenye mashine ya mwenzio kwa dharura. Sijawahi kuutumia. Mtu haingii chumbani kwa mtu hivihivi.

Sura yake sijaiona, sauti yake sijaisikia. Tunaandikiana tu, asubuhi na jioni, miaka sasa. Kuongea kwenye simu hapendi, alisema mwanzoni kabisa, maneno yanamkimbia. Nikasema afadhali, na mimi hivyohivyo. Goti lake la kushoto nalijua kuliko daktari wake.

Leo kasema kichwa kizito tangu jana. Nikamwambia kunywa maji ulale. Kajibu: "Sawa, daktari wa meno." Mjinga huyu! Nimecheka peke yangu jikoni mpaka chai ikafurika.

Jumamosi, 7 Juni

Betri hajaandika tangu jana mchana. Nodi yake iko hewani, taa ya kijani kibichi kabisa, haina tatizo. Basi na mwenyewe yupo. Labda kanuna. Nimeandika: "Goti?" Alama mbili — imefika. Haijasomwa.

Mpokezi kaniona nachungulia simu chini ya meza. Dada, nani huyo anakukosesha raha? Nikasema pacha wangu. Akaruka! Una pacha na hujawahi kusema? Nikaacha hivyohivyo. Ningeanzia wapi.

Jumapili, 8 Juni

Jogoo kawika wakati nafua. Jogoo ndiye kengele ya nodi ya Betri kwenye simu yangu. Mapovu yalikuwa mpaka viwikoni, nikateleza kizingitini, simu ikaniponyoka mkononi kama samaki. Nodi ya pacha wako haiko hewani.

Umeme huo, nikasema. Wamekatiwa umeme. Nikaandika: "Betri, umezimika. Upo?" Alama moja tu. Haifiki.

Nguo nimesuuza mara moja badala ya mbili. Zitanuka sabuni, shauri yake.

Jioni bado alama ni ileile moja. Labda hana chaji. Lakini mtu ana betri za akiba mpaka chini ya kitanda — ndilo jina lenyewe! — akose chaji? Hainiingii akilini.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeuliza kikundini. Mwenyekiti kasema tulia dada, watu huhama nyumba wakazima, mtandao unavumilia. Ni kweli. Mtandao una subira kuliko mume. Nodi ikinyamaza inangojwa, mwezi mzima inangojwa. Mwingine kasema labda Betri kaoa! Wakacheka wote. Na mimi nikaweka kikatuni cha kucheka. Sijui kwa nini nilikiweka.

Nikakaa kujiuliza ninachokijua. Yuko ng'ambo ya mpaka. Alikuwa fundi wa redio, macho yakachoka. Anakaa peke yake chumba cha uani. Vitunguu hali. Diski yake najua ina umri gani na ilipata moto lini. Mtaa siujui! Namba ya simu sina, kikundi hakionyeshi namba. Niende polisi niwaambie nini — naomba mnitafutie mtu mwenye goti?

Jumatano, 11 Juni

Hakuna kitu. Nimevunja jino la mbele la mtu, lilikuwa limeshakamilika. Bosi kauliza kulikoni. Nikasema plasta mbovu. Mvua.

Alhamisi, 12 Juni

Jirani wa chini kapanda kugonga. Anasema dari lake linavuma. Nikamfungulia chumba cha mama aone mwenyewe. Kasimama mlangoni, katazama zile taa, kauliza: unafuga nini humu? Nikacheka. Nikamkaribisha chai, nikavuta na kiti kabisa. Kasema ameacha sufuria jikoni.

Kila mtu ana sufuria jikoni. Nimeweka kitambaa kinene chini ya mashine, mvumo umepungua.

Jumamosi, 14 Juni

Mwenyekiti kaniandikia pembeni, kwa upole. Si vizuri kukaa bila pacha, nodi yako haina wa kuiangalia, kuna mwanachama mpya, nikuunganishe naye? Nikasema bado. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, dada, uwe tayari. Nikamjibu kuwa tayari wewe! Nikafuta. Alishaona.

Nimeketi chumba cha mama kwenye kiti cha plastiki, na hapa hakuna wa kumficha. Ninaogopa. Siiogopei nodi. Nikianguka mimi leo, hapa kwenye sakafu hii, nani atajua? Bosi atafoka kwamba meno hayajaisha. Mpokezi atapiga simu mara mbili, atadhani nimechoka na kazi. Jirani wa chini atashukuru dari limetulia. Ni mtu mmoja tu duniani angejua siku hiyohiyo. Nikichelewa kuamka, ananiandikia mpaka niitike, kwa jina alilonipa mwenyewe. Jirani. Wee jirani. Jirani, usinitanie. Na sasa ni zamu yangu kumwita na haitiki.

Nimelia kidogo. Kisha nikasafisha vumbi kwenye feni kwa mswaki. Miswaki ninayo tele, faida ya kazi.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi, karakanani, simu ikatoa mlio mfupi. Nodi ya pacha wako iko hewani!

Nilikuwa na kijiko cha nta ya moto. Nilipiga ukelele mpaka mpokezi akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamkumbatia! Mimi! Kucha zake zikanichoma mgongoni, sikujali. Kikundini shangwe tupu, vigelegele, Mwenyekiti kaandika: "Nilisema mimi, Betri kuukuu haifi!" Nikamwandikia: "Mshenzi we, ulikuwa wapi?"

Alama moja. Haifiki.

Nodi ipo, simu haipo? Nikafungua ukurasa wa nodi yake nione hali.

Mtandao una tabia ya kukagua. Kila mara unamwuliza mwenye nodi: kile kipande nilichokupa, unacho? Nionyeshe. Unaonyesha, yanaisha. Ukinyamaza unasamehewa, labda umeme. Lakini ukijibu "sina" hapo hakuna huruma. "Sina" zikizidi kidogo tu, nodi yako inafutwa na hairudi tena. Na nodi ya Betri ilikuwa inajibu. Sina. Sina. Sina. Sina.

Maana yake ni moja: mashine imewashwa na diski haijachomekwa. Sisi wenye nodi hilo ndilo la kwanza kufundishwa. Diski kwanza, mashine baadaye. Na mimi nilifundishwa na Betri mwenyewe, kwa herufi kubwa: HERI UZIME MWAKA KULIKO KUWASHA BILA DISKI. Awe mgonjwa, awe amelewa, awe amepofuka — hawezi kufanya hivyo.

Basi aliyewasha si yeye. Kuna mtu chumbani kwa Betri, na si Betri.

Kikundini walikuwa bado wanapiga vigelegele. Nikakifunga kikundi.

Nimetumia ufunguo. Kwa simu, nimejibanza kwenye kona ya magunia ya plasta, nikakosea herufi, nikarudia. Nimeingia. Mahali pa vipande patupu kabisa, nyumba iliyohamwa. Nikaisimamisha ile programu isiendelee kujibu. Bado kidogo tu ingefutwa. Halafu nikaandika kwenye kioo chake, kwa herufi kubwa kuliko zote: WEWE ULIYEWASHA MASHINE HII, TAFADHALI. MWENYEWE YUKO WAPI? NIPIGIE. Na namba yangu chini.

Bosi kaja kuangalia. Nta imegandia kwenye kijiko, anasema. Kweli ilikuwa imeganda.

Jumatano, 18 Juni

Yu hai. Naliandika hili kwanza kabla ya mengine. Yu hai!

Amepiga dada mtu, dada yake mkubwa. Anaongea kama cherehani, hakuna pa kupenyeza neno. Hata kuvuta pumzi anavuta akiendelea. Kwa jinsi nilivyomwelewa: ni kiharusi. Upande wa kulia umelala. Hasemi. Wapangaji wenzake walisikia redio inalia mchana na usiku hakuna anayeipunguza, wakamwita mwenye nyumba, akavunja mlango Jumapili asubuhi. Wakambeba hospitali. Mwenye nyumba, kabla ya kufunga, akazima umeme wa chumba kusiungue kitu. Betri ya akiba ilipokwisha, ndipo jogoo alipowika kwangu.

Yaani Jumamosi yote alikuwa sakafuni. Na nodi ilikuwa hewani! Nikaitazama taa ya kijani nikasema mwenyewe yupo. Kweli alikuwepo. Nimeenda chooni karakanani nikafungulia bomba nisisikike.

Dada mtu kaja kutoka mbali kwa ajili yake. Anafagia chumba, anafua mashuka. Mashine aliiwasha akitafuta mtu wake yeyote, picha, anwani, chochote. Hospitali wananiuliza watu wake akina nani, anasema, kaka yangu kakaa mji huu mpaka amezeeka, sina wa kumtaja! Nikapata upenyo, nikauliza: na lile boksi jeusi lililokuwa limechomekwa pembeni? Ah, lile? Kalichomoa, alitaka tundu la umeme achemshe maji. Alidhani ni redio mbovu. Sasa liko wapi? Kapuni, chini ya viatu.

Chini ya viatu! Nikapiga kelele: dada yangu, usilidondoshe hilo!

Akauliza: kwani wewe nani wake?

Nikasema pacha. Pacha? Mama yetu katuzaa wawili, pacha katoka wapi tena? Nikamweleza. Nodi, vipande, kengele. Kila neno ananikatiza, kila neno najisikia mwenyewe nilivyo mtu wa ajabu. Hujawahi kumwona? Hapana. Sauti yake je? Hapana. Na ndiye unayemlilia hivyo?

Sikujua kama nalia.

Alhamisi, 19 Juni

Bosi kanipa ruhusa ya nusu siku, nimeenda ofisi ya pasi za kusafiria. Yangu iliisha muda mama akiwa hai. Sikuwa na pa kwenda. Benchi refu, watu wamebeba bahasha, feni moja inageuka kwa wote.

Karani kauliza unakwenda kwa nani? Mgonjwa. Ni mumeo? Hapana. Ndugu? Hapana. Mnafanya kazi pamoja? Nikafikiri. Nikasema kama pamoja. Akainua macho: kama? Nikasema rafiki. Akaandika "rafiki", akaweka jalada langu chini ya mengine. Wenye ndugu wagonjwa huwa juu, alinieleza, hana nia mbaya. Nisubiri nitaitwa.

Ijumaa, 20 Juni

Daktari wa kule kamwambia dada mtu: anasikia, lakini haitikii. Macho wazi, anatazama dari. Dada mtu kaongea naye mpaka sauti imekauka — na kwake yeye hilo si dogo. Mwenye nyumba kaja kaongea. Fundi mmoja wa redio wa zamani kaja kaongea. Hageuki. Chakula hataki, hata kumeza mate ni kazi. Daktari anasema lazima kitu kimwamshe, akitaka kurudi atarudi sasa, wiki hizi. Akiachiwa kuzama hivi...

Kisha dada mtu akasema: ongea naye wewe. Yeye hana marafiki wengine.

Aliniweka sikioni mwake, saa ya kutazama wagonjwa. Nimesikia pumzi yake! Nzito, ina mkwaruzo kidogo. Miaka yote hii na ndiyo kwanza nasikia pumzi. Nikakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia. Betri, ni mimi. Ni jirani. Nikamwambia nodi imepona, nimeisimamisha kabla haijafutwa. Nikamwambia diski iko kapuni chini ya viatu, asikasirike. Kikundi kinakusalimu. Hapa mvua. Jino la mbele nililivunja. Nimeongea, nimeongea. Dada mtu akarudi: wapi, hajapepesa.

Na kwa nini apepese? Hii sauti haijui! Kwake yeye ni mwanamke fulani anamsumbua sikio. Ningemwandikia angenijua kwa neno la kwanza. Dada mtu akanisaidia, nikamtamkia maneno akayaandika kwenye karatasi, akaishika mbele ya macho yake. Aliitazama kama alivyokuwa anatazama dari.

Nimekasirika. Nimepiga teke kiti cha plastiki, nikaumia kidole. Mara moja tu, mara moja, si ningemwomba namba nikampigia, nikasema habari za asubuhi! Leo angekuwa na sauti ya kuishika. Tulikuwa tunaoneana haya, watu wazima na meno yetu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Pasi haijatoka.

Jumapili, 22 Juni

Kuna jambo nimelifikiria tangu nilipoamka na nikiliandika litaonekana la kichaa. Basi na lionekane.

Ipo sauti yangu moja anayoijua.

Mimi nimemwekea jogoo. Yeye aliniambia zamani kwamba kengele ya nodi yangu kaiwekea honi ya lori. Jogoo nitamzoea, aliandika, lakini lori silali nalo. Imewahi kulia mara moja tu, siku zile za mwanzo, kabla sijanunua betri. Umeme ulikatika, nikawa napapasa kutafuta kiberiti, na kabla sijakipata simu ikawaka: "Jirani! Nimeruka kitandani nimegonga goti kwenye meza. Upo?" Goti lenyewe ndilo hilohilo, halijapona mpaka leo, hakuacha kunidai pole.

Tangu siku hiyo nodi yangu haijazimika. Haijazimika kabisa. Kikundini nikitajwa natajwa kwa hilo, wageni wanaambiwa muulizeni yule mama wa meno. Sina jingine la kujivunia, na hilo lilikuwa linanitosha.

Nimempigia dada mtu. Simu yake iko wapi? Mfukoni mwa koti, imekufa chaji. Ichaji. Namba ya siri siijui, nitaifunguaje? Usifungue, dada. Iweke karibu na kichwa chake, sauti mpaka mwisho, usifanye kitu kingine. Akanitajia namba, nikanunua bando nikaituma huko. Leo ndiyo nimepata namba yake. Dakika si nyingi nikaona meseji zangu zote zinafika kwa mkupuo, alama mbili, mbili, mbili. Goti? Upo? Mshenzi we. Zote zimelia kwa ule mlio mdogo wa kawaida, na hakutikisika.

Dada mtu maneno hayamwishi. Muuguzi atatufukuza. Wodi ina watu. Lori gani tena, kaka yangu hana lori! Nikamwambia saa ya kutazama wagonjwa, dada yangu, mara moja tu, nakupigia magoti huku niliko. Akasema haya, nyinyi na mambo yenu ya mapacha, msinitafutie kesi.

Sasa naandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki. Simu iko wazi, kwenye spika, juu ya kitanda cha mama. Naisikia wodi yao. Vijiko. Mtoto analia. Kigari kinapita na gurudumu bovu. Dada mtu anamsimulia mwenye kitanda cha jirani habari yote tangu mwanzo, na anaikosea. Anasema mimi nauza diski.

Programu kwanza. Kisha betri. Kisha ukutani.

Nimezima.

Sikujua kama chumba hiki bado kina kimya cha namna hii. Feni imezunguka kidogo ikakata tamaa. Taa zikaondoka moja moja. Nasikia bomba la jirani wa chini, nasikia tumbo langu. Kila kitu cha mama kimesogea karibu, kabati, kitanda, ndoano ya kanga yake. Jikaze kisabuni, najiambia. Kengele haiji hapohapo, mtandao hukupa muda kidogo wa kurudi kabla haujakushitaki kwa pacha wako. Kidole kinaniwasha. Ningeinuka sasa nikawasha, hakuna ambaye angejua.

Siinuki.

Dada mtu kafika kwenye utoto wao. Alikuwa mtundu, anasema, alifungua redio ya baba akashindwa kuifunga. Mwenye kitanda cha jirani anaitikia ehee, ehee. Mtoto bado analia. Kigari kinarudi.

Honi!

Lo, ni kubwa kuliko nilivyodhani! Ni lori kabisa, limeingia wodini! Kuna kitu cha bati kimeanguka. Mtoto kaacha kulia. Muuguzi anafoka kwa mbali, zimeni hiyo, zimeni! Dada mtu anacheka kwa aibu, samahani, jamani samahani, ni simu ya kaka yangu tu, ngoja niizi—

Kaishia hapo. Katikati ya neno.

Honi inalia. Hakuna anayeizima. Mwenye kitanda cha jirani anasema: mama wee, kageuza macho! Nimeita dada, dada, kuna nini? Nimeita tena. Hasemi. Mwanamke yule, na hasemi kitu.